Aina Ishirini na Tatu za Magimbi ya Maua

Kabla sijatimiza miaka thelathini nilikuwa na aina ishirini na tatu za magimbi ya maua mbele ya nyumba yangu Ikolo. Wajukuu wakiniuliza siku hizi nilikuwa nafanya nini enzi za Mwingereza, wanategemea niseme nililima mpunga. Mpunga nililima, tena sana, lakini mpunga alilima kila mtu. Magimbi ya maua nilikuwa nayo mimi.

Kwa asiyeyajua, ni mmea unaofanana na gimbi la kula, ila ni mdogo, haupiti magoti. Ua lake lenyewe si la kutazamwa, hujificha chini kama halitaki wageni. Uzuri uko kwenye majani. Jani ni pana juu na limechongoka chini, na kila aina ina rangi zake: jekundu katikati na kijani pembeni, au jeupe lenye mishipa ya kijani, au la kijani lenye madoa ya waridi kana kwamba mtu amelirushia rangi kwa vidole. Mvua zikikatika majani yote hufa, na mgeni akipita huona udongo mtupu. Kiazi kimelala chini. Mvua za Desemba zikianza, kinaamka.

La kwanza nililipata zahanati ya misheni nikiwa msichana. Kwetu ni ufukweni mwa ziwa, chini ya milima, kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu. Niliugua homa, mama akanipeleka kwa mtumbwi, nikalazwa wiki mbili. Kwenye baraza ya muuguzi wa Kizungu kulikuwa na debe, na ndani ya debe kulikuwa na majani mekundu. Nilipopata nguvu za kukaa nikawa nayatazama tangu asubuhi hadi saa ya dawa. Muuguzi alikuwa mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Aliona. Siku niliyoruhusiwa kurudi nyumbani alichimba pembeni mwa lile debe akanipa kiazi kisichozidi kitunguu kidogo.

"Usile," aliniambia. "Kinawasha."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata ya kilimo cha maua.

Mwaka uliofuata niliolewa Ikolo na kijana seremala, Mnyakyusa. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha na serikali ilikuwa inajenga nyumba nyingi Tukuyu, hivyo mume wangu alikuwa anakaa huko kwenye kazi na kurudi mwisho wa mwezi. Nilikwenda kwake na vyungu saba vya mama na kile kiazi kimoja.

Hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo habari yangu haitaeleweka. Kwa Wanyakyusa mke haonani na baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, halitaji jina lake. Akimwona njiani anaacha njia, anajifunika kichwa na kuinama mpaka apite. Naye mzee anafanya hivyo hivyo, anageuza uso kando. Mchungaji wetu alikuwa anatuambia Mkristo hafungwi na mambo hayo, na sisi tulimwitikia, kisha tukaendelea. Ni heshima. Mimi Mkisi nilijifunza kama nilivyojifunza lugha yao, nikaizoea. Baba mkwe aliishi kijiji cha jirani, mwendo wa kama nusu saa, na kwa miaka yote ninayoisimulia sikuwahi kuuona uso wake sawasawa. Nilimjua kwa mgongo wake, kwa kofia yake ya kitambaa iliyofifia, na kwa kikohozi.

Kiazi changu nilikipanda karibu na mlango, kikatoa majani manane makubwa. Uwanja wa nyumba zetu ulifagiliwa kila asubuhi, migomba ikawa nyuma imesimama safi, na yale majani mekundu yalionekana toka njiani. Nilikuwa nimeyazoea kiasi kwamba sikufikiri kuna mtu asiyeyajua. Siku moja mama mkwe alikuja kunisaidia kupalilia mpunga. Yeye hakuwa na marufuku na mimi. Alikuwa anakuja, anakaa, anapika. Siku hiyo alitangulia kurudi nyumbani, na mimi nilipofika nikakuta moto unawaka na yeye ameketi chini, ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Alikuwa amechuma majani matano akayapika mboga.

Alikuwa ameonja kijiko kimoja tu. Midomo ilivimba, ulimi ukajaa, mate yakawa yanamtoka. Nilimpa maziwa, akanywa kibuyu kizima huku akinitazama kwa jicho ambalo sikulisahau. Siku tatu alikunywa uji mwepesi. Siku ya nne alipopata sauti alikwenda moja kwa moja kwa mumewe.

"Mke wa mwanao," alimwambia, "amepanda sumu mlangoni."

Mume wangu aliporudi kutoka Tukuyu habari ilikuwa imeshamfikia. Aliniuliza, "Hukumwambia mama kwamba hayaliwi?"

"Hakuuliza. Na mimi sikufikiri angeyapika."

"Basi kesho baba anakuja kutazama. Wewe uwe shambani."

Nilishinda shambani siku nzima kama mtu anayesubiri msiba. Nilijua mzee akisema yang'olewe, yatang'olewa, wala sitapata nafasi ya kujitetea, maana mimi na yeye hatusemi. Jioni niliporudi nilianza kwa kutazama mlangoni. Majani matatu yaliyobaki yalikuwa pale pale. Tena magugu ya pembeni yalikuwa yamepaliliwa.

"Amesemaje?" nilimuuliza mume wangu.

"Ameketi muda mrefu. Halafu akaniuliza kama jani hili lina ndugu wa rangi nyingine. Nikamwambia sijui. Akasema yeye amewahi kuona jeupe, ng'ambo, siku zile anafanya kazi melini."

Katika ujana wake baba mkwe alikuwa mpakiaji wa kuni kwenye meli ya moshi ya ziwani. Alishuka bandari zote za Nyasaland na alikuwa na Kiswahili kizuri, na Kiingereza cha kuamuru na kuamriwa.

"Na mama je?"

"Mama ameambiwa aache kupika vitu asivyovijua."

Basi hivyo ndivyo magimbi yangu yalivyopona. Nilifurahi, na kumbe mzee alikuwa hajamaliza. Dada yake alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Songwe, na mzee alikuwa na desturi ya kwenda kumsalimu kwa kupitia Ngana. Mwezi uliofuata mama mkwe alinijia ameshika kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba, amekishika kwa ncha za vidole viwili na mkono ameunyoosha mbele.

"Umetumiwa," aliniambia. "Mimi nimebeba tu."

Ndani kulikuwa na viazi viwili. Mvua zilipoanza kimoja kilitoa jani jeupe kama karatasi, lenye mishipa myembamba ya kijani. Nikaliita Barua. Cha pili kilitoa jani la kijani lenye madoa ya waridi, nikaliita Surua. Wazungu wana majina yao, sikuyajua na hayakunisumbua. Kila lililokuja nililipa jina: Kaniki lilikuwa jeusijeusi, Ulimi lilikuwa na jani jembamba jekundu, Shavu la Mtoto lilikuwa waridi lote isipokuwa ukingo, Mgeni wa Busale nilipewa na mwanamke wa huko aliyelichukua kwa mwalimu mmoja naye hakujua lilitoka wapi.

Kwa upande wangu nilikuwa na kitu cha kubadilishana. Mama yangu alikuwa anakuja kwa mtumbwi na vyungu vyake kila msimu, na mimi nilichukua vichache na kutembea navyo. Nikisikia kuna nyumba yenye jani la rangi, nilikwenda na chungu kichwani. Mwanamke hakatai chungu cha Wakisi. Nilifika Busale, nilifika Ngana, nilikwenda hadi karibu na mpaka wa Nyasaland wenyewe. Vyungu vilivyopasuka sikuvitupa, nilivijaza udongo wa mtoni na mbolea ya ng'ombe nikavipanga mbele ya nyumba safu mbili, kila aina chungu chake, ili zisichanganyike. Kufika mwaka wa tano zilikuwa aina kumi na sita.

Baba mkwe alikuwa anakuja kuyaona. Akifika kwenye migomba alikohoa mara tatu, kwa nguvu, akasimama. Mimi nilichukua jembe au mtungi nikatokea nyuma, nikaenda shambani au mtoni. Alikaa kadiri alivyotaka kisha akaondoka. Mwanzoni alikuja peke yake, baadaye alianza kuja na wazee wenzake. Habari za ziara hizo nilizipata kwa mama mkwe, ambaye midomo yake ilikuwa imepona lakini moyo bado.

"Jana walikuwa wanne," aliniambia mara moja akimenya ndizi. "Amewazungusha kwenye vyungu vyako kama mtu anayeonyesha ng'ombe. Hili lilitoka kwa fulani, hili halipendi jua, hili ni mama wa lile. Mimi nimeolewa naye miaka thelathini, hajawahi kumwonyesha mtu chungu changu hata kimoja."

"Na wazee walisemaje?"

"Walisema asante, ndaga. Watasema nini? Wamekuja kutazama majani."

Alisema hivyo kwa kukunja uso, ila niliona amehesabu wageni.

Mwaka wa mafuriko nilikuwa nimejifungua mtoto wa pili, ana siku sita. Mume wangu alikuwa Tukuyu. Mama mkwe alikuwa nami ndani kunitazama. Mvua za Aprili kwetu si za mchezo, lakini mwaka ule zilinyesha mfululizo hadi mto ukatoka njiani kwake. Asubuhi nilipofungua macho nilisikia maji yanapiga ukuta wa nje. Mama mkwe alichungulia mlangoni akasema uwanja wote ni ziwa na maji yameanza kuingia kwenye safu ya mbele ya vyungu.

Kiazi cha gimbi la maua kikikaa ndani ya maji siku mbili kinaoza. Nilitaka kuinuka. Akanikalisha.

"Una siku sita," alisema. "Utakufa kwa ajili ya majani?"

"Mama, tafadhali. Inua hata machache."

Alikuwa na mgongo mbovu, nami nilijua. Alisimama pale mlangoni akishika kiuno, hajui afanye nini. Ndipo tukasikia kikohozi. Mara tatu, kutoka kwenye migomba.

Nilijifunika kanga usoni na kugeukia ukuta na mtoto wangu. Mama mkwe alivuta mkeka ukaziba mlango. Tukasikia mzee anatembea ndani ya maji, polepole, halafu sauti ya chungu kinainuliwa na maji yanamwagika. Nje kulikuwa na kichanja kirefu cha kukaushia mpunga. Alikuwa anayapanga juu yake.

Akasema kwa sauti kubwa, akimwambia mkewe, "Kichanja hakitatosha vyote. Yapi yanavumilia maji?"

Mama mkwe alinigeukia. Nikamnong'oneza.

"Anasema Kaniki na lile la madoa yatavumilia kidogo," alipaza sauti. "Aanze na jeupe. Halafu Ulimi."

"Ulimi ni lipi?"

"Jembamba. Jekundu. Hata mimi nalijua."

"Na la Busale?"

Nikanong'ona tena.

"Anasema hilo ni moja tu halina mtoto, mzee wangu, lishike kwa mikono miwili."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea asubuhi nzima. Yeye aliuliza kwa mkewe, mkewe akaniuliza mimi, jibu likarudi njia ile ile. Kichanja kilipojaa alipandisha vingine kwenye paa la banda la kuku, na vilivyobaki alivibeba mpaka kwenye kichuguu nyuma ya migomba. Alikuwa mtu wa miaka sitini na zaidi, na maji yalikuwa yanamfika mapajani. Alipomaliza alisimama kidogo. Tukasikia anapumua.

"Mtoto hajambo?" aliuliza.

"Hajambo," mama mkwe alijibu bila kunitazama, maana hilo alilijua mwenyewe.

Maji yalikaa siku tano. Nilipoteza aina mbili tu, na zote mbili nilizipata tena kwa wanawake niliokuwa nimewagawia. Tangu siku hiyo mama mkwe hakuyaita tena majani. Aliyaita magimbi yetu.

Miaka miwili baadaye mume wangu alikuwa anatengeneza madirisha ya nyumba ya ofisa mmoja huko Tukuyu. Mke wa yule ofisa alikuwa mpenda maua, na kila siku alimwonyesha mume wangu magimbi yake aliyoletewa kwa meli kutoka kwao. Aina sita. Mume wangu si mtu wa maneno, alivumilia mpaka siku ya kupaka rangi, ndipo akamwambia, "Mama, mke wangu anazo ishirini." Yule bibi alicheka. Kisha akaona anacheka peke yake, mwenzake yuko makini, akasema atakuja kuona.

Alikuja Juni, kabla majani hayajaanza kulala, kwa gari la mumewe, na kitabu chenye picha chini ya kwapa. Kwa kuwa mume wangu alikuwa kazini, na kwa kuwa mgeni wa namna hiyo lazima apokewe na mwanamume wa ukoo, baba mkwe ndiye aliyempokea. Alivaa koti. Mimi nilikaa ndani, nyuma ya ukuta wa mianzi, mahali udongo ulipobanduka na mtu akaweza kusikia kila kitu. Mama mkwe alikaa mlangoni.

Nilimsikia mzee akimpitisha yule bibi chungu baada ya chungu. Alijua kila kimoja. Alijua lipi lilitoka wapi, na mwaka gani lilikaribia kufa, na kwa nini nililihamishia kivulini. Bibi alikuwa anafungua kitabu chake na kukifunga. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga lakini kilieleweka.

"Hii hapana kwa kitabu," alisema. Mara ya pili, "Hii pia hapana."

Mwishoni akauliza, "Yote ngapi?"

"Ishirini na moja," baba mkwe alisema.

Niligonga ukuta kwa kidole. Mama mkwe akainamisha kichwa, nikamwambia.

"Ni ishirini na mbili," alitangaza. "Moja iko nyuma, bafuni."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua wa matete nilimokuwa naoga, na baba mkwe hajawahi kukanyaga upande ule hata mara moja, wala asingekanyaga. Ndiyo maana hakulijua. Lilikuwa limeota lenyewe kwenye unyevu, kutokana na mbegu iliyoangushwa na moja ya yale mengine, na halikufanana na mzazi yeyote: jani lilikuwa jeupe, katikati lina wekundu uliosambaa kama damu ndani ya maziwa, na ukingo wa kijani uliojikunja. Nilikuwa nimelihamishia kwenye chungu cha mama, kizima, kisicho na ufa.

"Lilete," mzee alisema.

Mama mkwe alikwenda mwenyewe, na mgongo wake huo huo, akalibeba akaliweka katikati ya uwanja. Nilisikia kitabu kinafunguliwa, kurasa zinapinduliwa moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu kikafungwa.

"Nani alifanya hii?" bibi aliuliza.

"Mwenyewe ni mke wa mwanangu," alisema baba mkwe. "Yuko ndani. Mimi ni mbebaji tu."

"Nataka kununua."

Mzee aligeukia mlangoni, na mama mkwe akageuka kwangu. Sikuwa na haja ya kufikiri. Nilisema haliuzwi, ila likizaa mtoto nitampelekea mmoja Tukuyu bure, kwa mkono wa mume wangu, naye aniletee katika aina zake ile nisiyokuwa nayo. Jibu likatoka nje kwa sauti ya mama mkwe, kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Mwenyewe amesema," mzee alimwambia yule bibi, na nilijua kwa sauti yake kwamba amesimama wima ndani ya lile koti.

Gari lilipoondoka sikusikia hatua zake zikiondoka. Alibaki uwanjani karibu na chungu. Kisha nikasikia anasogea mpaka karibu na ukuta, ameelekea migomba, maana sauti ilikuja ya pembeni.

"Ndaga fijo," alisema. Asante sana.

Hakumtaja mtu, na mama mkwe alikuwa amekwenda kumsindikiza mgeni barabarani. Sikujibu, desturi hainiruhusu. Niligonga ukuta mara moja kwa kidole.

Mvua zilizofuata lile la bafuni lilizaa watoto, miche mitatu. Mmoja ulikwenda Tukuyu, mmoja nilimpa mama mkwe akaupanda kwake karibu na mlango, watu wakitoka kanisani wanapita kuutazama. Kutoka Tukuyu uliletwa mkebe wa biskuti wenye kiazi kimoja ndani ya pamba. Kilitoa jani la rangi ya shaba, ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliona upande wetu. Hilo likawa la ishirini na tatu. Na wakati huo, kuanzia Ikolo mpaka Ngana, hapakuwa na mwanamke mwingine aliyefikisha hata kumi.